Ukiona gari ya namna yako Mtwara, msalimie mwenyewe

Kijana mmoja wa Lindi kaniandikia wiki hii. Ana Altezza aliyoitoa Dar, kaishusha, kaifunga rimu pana, na kila akija Mtwara anapishana na gari za namna yake. "Kaka, nawawashia taa lakini hakuna anayejibu. Kwani ninyi huko mnajisikia?"

Mdogo wangu, hatujisikii. Tatizo ni hizo taa. Njia ya Mingoyo kuja huku, dereva akikuwashia taa mchana anakwambia trafiki yuko mbele na tochi. Mtu anaondoa mguu kwenye mafuta, anarudi 50, macho yote pembeni mwa barabara anatafuta nguo nyeupe. Hana nafasi ya kutazama taa za nyuma za Altezza yako. Mjini piga honi fupi mbili na utoe mkono dirishani, utaitikiwa.

Lakini swali lako limenigusa kuliko ulivyokusudia, kwa sababu mimi najua salamu ya barabarani inaweza kukupa nini.

Ninaendesha Chaser, JZX100 Tourer V. Injini ni 1JZ-GTE, lita 2.5, silinda sita na turbo, ile pampu inayoisukumia injini upepo, farasi 280 tangu kiwandani. Toyota waliacha kutengeneza Chaser mwaka 2001. Huwezi kuingia duka la Mtwara ukatoka na kifaa chake. Unampigia mtu wa Gerezani kule Dar, anatafuta, anafunga boksi, anapakia kwenye basi, wewe unalisubiri stendi.

Kuna kipindi gari ilikosa nguvu kabisa. Ukikanyaga mafuta inafanya "fsss" halafu haivuti. Fundi niliyempelekea akasema turbo imekufa, agiza nyingine, au tuing'oe gari itulie. Ndugu nao wakapata la kusema: uza hilo kopo, nunua IST kama wenzako. Nililala na mawazo, maana fedha ya turbo sikuwa nayo, na kuing'oa ni kuiua gari ikiwa hai.

Jioni moja nikaikuta Verossa imeegeshwa Shangani. Nikaisikia inawashwa, nikajua hiyo ni 1JZ kama yangu. Nikapiga honi mbili, nikasimama, nikashuka, nikamwamkia mwenyewe, maana ni mtu mzima, anafanya kazi bandarini. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Aliniambia, "Fungua boneti." Akaniambia nikanyage mafuta, akainama akasikiliza, akapitisha mkono chini ya mpira unaopeleka upepo kutoka intakula, kile kipoza upepo wa turbo, kwenda kwenye injini. Ulikuwa umepasuka kwa chini, pasipoonekana. Turbo ilikuwa nzima! Upepo wote iliokuwa inausukuma ulikuwa unaishia nje. Tuliagiza mpira na klempu mpya, na Chaser inavuta mpaka leo. Ninajivunia gari ile, na ninajivunia zaidi kwamba sikuona aibu kusimama.

Tangu hapo yule mzee ndiye simu yangu ya kwanza. Kwake nikamjua mwenye Impreza wa Chuno, kwa huyo nikamjua fundi umeme wa Mikindani asiyeogopa nyaya za gari ya turbo. Wote nimewapata kwa honi.

Sasa na upande wa pili nikuambie, usije ukadhani ni raha tupu. Msimu wa korosho, minada ikianza kulipa, mji unajaa gari ngeni. Mwaka mmoja akaja jamaa na Lancer Evolution, tukakutana sheli. Nikamsalimia vizuri. Akaitazama Chaser, akasema, "Hizi za kawaida mnabandika tu beji," akapandisha kioo. Bado naumia nikikumbuka. Angeinama kidogo tu angeiona intakula nyuma ya bampa, ajue ni turbo kweli.

Kwa hiyo jifunze gari kabla ya kufungua mdomo. Impreza ya turbo ina tundu juu ya boneti linaloipelekea upepo intakula iliyokaa juu ya injini, na ule mngurumo wake unatokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu. Altezza RS200 ina 3S-GE ya silinda nne ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, laini zaidi. Yako ikiwa AS200, mdogo wangu, usiinamishe kichwa mbele ya mtu. Hiyo ni Altezza halali. Na wewe usimhukumu mwenzako kwa beji wala kwa spoila. Mtu aliyeitunza gari ya zaidi ya miaka 20 kwenye upepo wa chumvi wa pwani hii anastahili heshima kabla hajafungua boneti.

Msalimie kwanza, hata akiwa na gari kubwa kuliko yako. Asipoitikia, msalimie tena siku nyingine. Ukiipiga picha gari ya mtu, mwombe, na ufiche namba na geti la nyumba yake kabla ya kuirusha kwenye kundi. Si kila anayeitazama anaipenda kwa wema. Na tafadhali, kukutana kusigeuke mashindano. Barabara hizi zina bodaboda, zina watoto wanaotoka madrasa, na ajali moja itatufanya wote tuonekane wahuni.

Jumapili jioni njoo Shangani, nitakukutanisha na mzee wa Verossa. Msimbati usiende na gari iliyoshushwa, mchanga wa kule utakulaza njiani. Na ukirudi Lindi, ioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi usiku huohuo, hasa matao ya tairi na mabomba ya breki, kabla chumvi haijakauka.