Usikariri orodha ya nahau

Ndugu yangu, umesema sarufi ya Kiingereza unaijua, ila wageni wakianza kuzungumza hapo hotelini unapotea, na sasa umenunua kitabu cha nahau ili ukikariri chote. Kiweke kando kwanza. Misemo kama "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, imejaa vitabuni, lakini kwenye mazungumzo ya kawaida utaisikia mara chache mno.

Nadhani kinachokupoteza ni misemo midogo midogo. "We've run out of towels", yaani taulo zimetuishia. "Could you look into it?", anaomba ulifuatilie jambo. "Let me sleep on it", atalitafakari hadi kesho. Kila neno hapo unalijua, ila yakikaa pamoja maana inakuponyoka. Ndivyo ilivyo "piga" yetu: piga pasi, piga hodi, piga moyo konde. Mgeni akitafsiri neno kwa neno, hatoki.

Kwa hiyo shika msemo mzima, pamoja na sentensi uliyousikia. Andika miwili mitatu kwa siku kwenye daftari, na uitumie siku hiyohiyo ukiwa kazini, usisubiri uive. BBC Learning English wana kipindi kifupi, The English We Speak, kinachofafanua msemo mmoja kila mara, na ni bure.

Angalia sana adabu ya msemo. "Kick the bucket" ni sawa na kusema mtu amekata kamba. Kwa mfiwa usiutamke kamwe. Sema "passed away", yaani amefariki.