Donge analipa nani? Kwa wenzangu mnaochora kauboi

Juzi usiku kijana mmoja wa Kahama ameniandikia: "Shikamoo dada. Nami nachora hadithi ya kauboi anayewinda wahalifu kwa donge nono kwenye mji uliooza kwa rushwa. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, ameshaua watu kumi na tisa. Lakini wenzangu wakisoma wanasema haina ladha. Nakosea wapi?"

Nilicheka peke yangu. Kumi na tisa ni wachache. Wa kwangu wa kwanza aliua thelathini na mmoja.

Ninyi mnaonifuata najua tunataka kitu kimoja: jina lako juu ya jalada, na mtu usiyemjua kwenye daladala amekizamia kitabu chako mpaka anapitishwa kituo. Basi nitasema yote, hata yanayonitia aibu.

Kauboi nilimpendea kwenye banda la video, Dodoma, nikiwa darasa la tano, nimebanwa katikati ya kaka zangu wawili. Steringi hafi, hilo tulilijua kabla ya picha kuanza. Kwa hiyo nilipoanza kuchora nilichora nilichokiona: kofia, bastola, vumbi. Farasi wa kumtazama sikuwa naye, nikamtumia punda wa mkokoteni wa maji pale mtaani, nikamrefusha miguu na kumpunguza masikio. Masikio sikuyapunguza ya kutosha. Mpaka leo mdogo wangu tukigombana huniita Kauboi wa Punda.

Kurasa sitini zilipokamilika nikazipeleka kwa mchapishaji mmoja. Akazipekua haraka kama mtu anayehesabu noti, akasema: "Binti, mkono unao. Nenda kachore mapenzi. Na huyu bwana, anawaua hawa wote ili iweje?" Nilisikia neno mapenzi tu. Nililia kwenye ngazi za lile jengo, na nisiwafiche, hadi leo nikipita pale huvuka upande wa pili wa barabara. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye: swali lake la mwisho lilikuwa sahihi.

Miaka miwili iliyofuata naipita. Nilichora mabango ya saluni.

Kisha nikasoma jinsi Jesse James, jambazi maarufu wa Marekani, alivyokufa. Tarehe 3 Aprili 1882, mjini St. Joseph, Missouri, Robert Ford, kijana wa genge lake mwenyewe, alimpiga risasi ya kisogoni akiwa amepanda kiti kuiweka sawa picha ya ukutani. Hapo banda la video lingewasha taa. Mimi nikaendelea kusoma. Gavana Thomas Crittenden alikuwa ametangaza dola 5,000 kwa atakayemleta, na 5,000 nyingine akitiwa hatiani. Lakini sheria ya jimbo ilimruhusu gavana kutoa dola 300 tu. Donge lenyewe lilitoka kwa makampuni ya reli, ambayo treni zao ndizo zilizokuwa zikiporwa. Robert na kaka yake Charley wakaenda kudai chao. Wakashtakiwa kwa mauaji, wakakiri, wakahukumiwa kunyongwa, na siku hiyohiyo gavana akawasamehe. Kwenye lile donge waliambulia sehemu tu.

Nilisoma hayo nimesimama jikoni. Maharage yakaungua.

Sherifu Pat Garrett naye, aliyemuua jambazi Billy the Kid Julai 1881, alikuwa na dola 500 zake zilizoahidiwa na gavana wa New Mexico. Kaimu gavana akagoma kulipa. Ikabidi bunge la huko lipitishe sheria maalumu mwaka 1882 ndipo mtu apate haki yake. Sherifu huyo, tena maarufu! Sasa fikiria mtu wa kawaida mwenye farasi mmoja na deni la hoteli.

Nikazitupa kurasa sitini. Hadithi mpya ikaanza pale ya zamani ilipoishia: mwindaji anaingia mjini na maiti juu ya farasi, anataka alipwe. Ukurasa wa kwanza. Kurasa zote zinazofuata anazungushwa. Sherifu anamtuma kwa hakimu. Hakimu anasema jina kwenye tangazo limekosewa herufi. Karani ametoka na muhuri. Mwenye baa, anayemnywesha hakimu bure, ndiye aliyekuwa bosi wa marehemu, na ndiye aliyechangia donge ili marehemu asije akasema. Hakuna hata risasi moja mpaka ukurasa wa arobaini na nne. Wasomaji waliniandikia kuhusu yule karani kuliko mtu mwingine yeyote. Mmoja aliapa ni wa wilayani kwao.

Mji wangu niliuazima kwa Creede, Colorado, mji wa machimbo ya madini ya fedha. Mwaka 1892 Robert Ford alikuwa na baa pale. Tarehe 5 Juni moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Siku tatu baadaye Ford akauawa ndani ya hema alilokuwa akiuzia pombe. Kamari ya Creede ilikuwa mikononi mwa tapeli Soapy Smith, aliyepata jina lake kwa kuuza sabuni mitaani Denver: anazungushia vipande noti mbele ya watu, anavifunga karatasi, anavichanganya, na mwenzake kwenye umati ananunua na kupiga kelele kuwa ameshinda. Aliyewahi kuliwa kwenye karata tatu Kariakoo hahitaji kuelezwa. Baadaye huyohuyo aliishika Skagway, Alaska, na naibu marshali, askari wa serikali kuu, alikuwa upande wake, hadi alipopigwa risasi gatini Julai 1898.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: jua nani analipa. Kabla hujachora kofia, jua donge limetoka mfuko wa nani na kwa nini. Ukishajua anayelipa, utajua nani hataki lilipwe, na hapo mji unajichora wenyewe. Narudia, anayelipa! Vijana tunapenda bastola kwa sababu bastola haihitaji kufikiri. Tunataka jalada kabla ya hadithi, sifa kabla ya kazi, tukikataliwa tunasema wachapishaji wana roho mbaya. Mimi nilisema hivyo miaka miwili. Kaa chini, soma, futa, anza upya. Na farasi jifunzeni jamani, masikio ni mafupi.

Nakala 300 za toleo la kwanza nilizilipia mwenyewe. Ziliisha ndani ya wiki tano. Moja niliiacha makusudi kwa mlinzi wa lile jengo, bila barua.

Kijana wa Kahama nilimjibu kwa swali moja tu: wale kumi na tisa, nani alimtuma awaue, na kwa shilingi ngapi? Akakaa kimya siku nzima. Alfajiri ya leo nimekuta ujumbe wake: "Dada, nimehesabu tena. Mwenye tangazo la donge ni mmoja tu. Kumi na nane walikuwa wamekaa baa."