Shemejio hajifanyi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Unasema shemejio ana miezi minne tangu aache unga (heroini), kila asubuhi anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kliniki ya Muhimbili, ila ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja. Unauliza kama anajifanya.

Hajifanyi. Heroini huvuruga sana sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika jambo kwa muda mfupi, kupanga na kujizuia. Mara nyingi hajasahau sukari, haikuingia kabisa. Kitu kimoja tu ubongo wake umefunzwa kukikumbuka, nacho bado unakikumbuka: apite jirani na maskani ya zamani walikokuwa wakivutia unga, umakini wote unahamia huko.

Muulize kwa upole kama aliwahi kuzidisha akazimia. Unga hupunguza pumzi, na ubongo ukikosa oksijeni, hipokampasi, inayojenga kumbukumbu mpya, huumia mapema. Hapo huenda asipone kikamilifu. Muulize na vidonge vya valiamu, vile vya kutuliza. Huzuia kumbukumbu kujengeka, na vikikutana na methadoni vinaweza kuzima pumzi. Kama anavitumia aseme kliniki, asiviache ghafla; aliyevizoea muda mrefu anaweza kupata degedege.

Methadoni hupanda kileleni muda wa saa mbili hadi nne baada ya kunywa. Akisinzia wakati huo, wauguzi waambiwe waangalie dozi. Msimkatizie dawa nyumbani kwa kudhani imempumbaza! Akikaa siku kadhaa bila dawa, mwili hupoteza uzoefu wa kuhimili, na kete (pakiti ndogo ya unga) ileile aliyokuwa akiivuta zamani bila shida inaweza kumuua.

Mtume kitu kimoja, akirudie kwa mdomo wake kabla hajatoka. Vikizidi, andika kwenye karatasi (simu ina namba za wenzake wa maskani, iache). Zima redio ukiongea naye. Asubuhi kabla ya dozi usimpe maagizo: arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ikianza kunyemelea hasikii kitu. Kliniki aende saa ileile kila siku, na usiku alale, maana kumbukumbu ya mchana hukazwa usingizini. Mabadiliko uyahesabu kwa miezi, si kwa wiki.

Na mama mkwe wako aache kumuuliza mbele ya wageni "jana ulikula nini?" Aibu nayo hula umakini, atasahau hata alichokuwa akikijua.

Mimi mama yako.