Mayai ni mboga, mwambie nimesema mimi

*Maswali ya wasomaji, na majibu ya Bibi wa Jikoni*

Shikamoo Bibi. Naishi Mbagala na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, na daladala ikinionea huruma nafika nyumbani saa moja na nusu. Hela ya mboga ni shilingi 5,000 kwa siku. Nyama siiwezi kila siku, dagaa wameshawachoka, nikaona bora nikaange mayai. Mume wangu akaitazama sahani, akasema, "Kwani kumekucha?" Eti mayai ni ya kunywea chai, si mboga. Mama mkwe hakusema neno, ila alikula ugali kwa chumvi. Nifanyeje? – Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Huo ugali kwa chumvi ndio ulionichoma, maana mkwe akinyamaza namna hiyo ujue amesema mengi.

Ila kabla hatujawasha jiko, acha nimtetee mumeo kidogo. Mayai ya kukaanga na ugali ni chakula cha kukwama kooni. Tonge litachovya wapi? Mtu katoka kazini kachoka, unampa kikavu juu ya kikavu, lazima akumbuke asubuhi. Yai halina kosa. Kosa ni kukosa mchuzi.

Nilikuwa mama ntilie Temeke miaka kumi na tisa. Mishahara ikitoka wateja wangu walikuwa hawataki kusikia kitu zaidi ya kuku. Ikifika tarehe 18 hivi, mifuko imekauka, nilikuwa nabandika sufuria la mchuzi wa mayai wa nazi, na lilikuwa linaisha kabla ya maharage. Wanaume wazima, makuli na mafundi gereji, hakuna aliyeniuliza kama kumekucha.

Kwa bei za genge letu wiki hii, hesabu yako inakuwa hivi: mayai sita kwa 400 kila moja ni 2,400. Nazi moja 1,000. Fungu la nyanya 500, fungu la viazi mviringo 500, vitunguu maji viwili 300, ndimu na pilipili mbuzi 200. Jumla 4,900. Inabaki mia, weka kwenye kopo. Kitunguu saumu, tangawizi na binzari nadhani hukosi nyumbani. Kama hukosi vyote vitatu, sawa. Ukikosa tangawizi mchuzi hautakufa. Ukikosa kitunguu saumu utapooza.

Ukifika, hata viatu hujavua, bandika mayai kwenye maji. Yakianza kuchemka hesabu dakika kumi, kisha yamwagie maji ya baridi. Wakati yanachemka, wewe unakatakata: vitunguu vyembamba, nyanya ndogondogo, viazi vitatu vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, kila kimoja vipande vinne. Kwa mtungi mdogo wa gesi wenye pleti moja, hapo umeshaokoa muda.

Sasa nazi. Hapa nakupa siri isiyo ya upishi. Usiikune wewe. Ukishaivunja, mpelekee mama mkwe na mbuzi, mwambie, "Mama, naomba unisaidie tui, mkono wangu haukamui kama wako." Usimwambie kwa kejeli, mwambie kweli, kwa sababu huenda ni kweli. Akamue mara mbili: kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu, kikombe kimoja tu, hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Machicha ayatie maji tena, vikombe viwili, akamue tui la pili, jepesi. Mtu aliyekamua tui kwa mkono wake sijawahi kumwona akila ugali kwa chumvi.

Sufuria kavu, vijiko viwili vya mafuta. Kaanga vitunguu mpaka vilainike na kingo zianze kugeuka rangi. Tia kitunguu saumu na tangawizi ulivyotwanga, nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano na nusu ya binzari nyembamba. Koroga kidogo tu, zikiungua zinakuwa chungu. Mwaga nyanya na chumvi, funika, ziache ziive hadi uone mafuta yanajitenga pembeni. Usiharakishe hapa. Wengi wanatia tui nyanya zikiwa bado mbichi, halafu wanalalamika mchuzi una ukakasi.

Tia viazi na tui jepesi, tupia pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, ikupe harufu isiwalize watoto. Funika kama dakika kumi na tano. Kiazi kikikubali ncha ya kisu, punguza moto uwe mdogo kabisa, toa mfuniko, ndipo umimine tui zito. Kuanzia hapo usiondoke. Shika upawa, chota mchuzi, uinue, umimine tena humohumo, chota, inua, mimina, mpaka uone tui linaanza kupumua viputo vidogo pembezoni.

Nasema usiondoke kwa sababu mimi niliondoka. Siku moja nilitia tui zito, nikafunika, nikaenda kuchenji noti ya mteja, maneno yakanoga. Nilipofunua nilikuta tui limekatika: maji chini, mafuta yanaelea, na vijipunje vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Ladha haikuwa mbaya sana, lakini nani atanunua? Tulikula sisi na majirani siku mbili. Tui zito halitaki moto mkali, halitaki mfuniko, halitaki umbea.

Mayai yako yaliyomenywa yachanje mistari mitatu ya juujuu ubavuni, mchuzi upate pa kuingilia. Yatumbukize, dakika tano zinatosha. Ondoa sufuria motoni kwanza, ndipo ukamulie ndimu nusu. Ukikamulia ikiwa inachemka unalialika tui likatike dakika ya mwisho.

Kupakua nako kuna akili zake. Mko sita na mayai ni sita. Ukimwekea mtu yai moja zima kwenye sahani, linaonekana moja. Likate kwa urefu, uweke vipande viwili kiini kikitazama juu, viazi viwili, na mchuzi wa kutosha kuzamisha tonge. Mama mkwe apakuliwe wa kwanza. Na kesho ukiwa na mfuko mwepesi zaidi, mayai manne na viazi vitano vinafanya kazi ileile, mradi mchuzi usipungue.

Siku ukifika saa mbili na nusu, umeme umekatika na huna nguvu hata ya kumenya, acha tui. Pika rojo la nyanya na vitunguu kama nilivyosema, tia maji nusu kikombe, chimba vishimo kwa kijiko, pasulia yai mbichi kila kishimo, funika. Usiyakoroge. Kiini kiwe kigumu kabisa kama una mtoto mdogo au mjamzito ndani, maana yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Na kila yai lipasulie kwenye kikombe kwanza. Niliwahi kupasua mayai sita mazuri bakulini, la saba likatoka limeoza, nikamwaga yote saba.

Ukipika niandikie alisema nini. Mumeo namjua tayari, nataka kusikia ya mama mkwe.

Bibi, hayo ya nazi ni ya kwenu watu wa pwani. Huku Dodoma nazi inakuja imeshasafiri na bei yake imepanda gari pamoja nayo. Sisi tufanyeje? – Msomaji, Dodoma

Ninyi mna karanga, mnalilia nini? Hapo Kongwa Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 wakitaka kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kwao, wakashindwa, 1951 mpango ukafungwa. Wakulima wadogo kwa jembe la mkono wanazipata mpaka leo. Zitumieni.

Karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko vinne vikubwa vilivyojaa, zivurugie kwenye bakuli na maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji. Usizitie kavu sufuriani, zitafanya madonge na hutayaponda yakaisha. Pika kila kitu kama nilivyomwelekeza mwenzako wa Mbagala, ila badala ya tui jepesi tumia maji, na badala ya tui zito mimina huo uji. Binzari ya manjano iache, haielewani sana na karanga. Badala ya viazi, nyanya chungu zilizopasuliwa katikati zinapendeza zaidi, uchungu wake unaukata ule uzito.

Tofauti moja: tui hukatika, karanga huganda chini. Kwa hiyo mwiko ufike kwenye kitako cha sufuria kila mara, na maji ya moto yawe karibu, kwa sababu mchuzi wa karanga unaendelea kuwa mzito hata ukishauepua. Ukiupakua ukiwa mzito sufuriani, sahanini utakuwa saruji.

Mimi ni kijana naishi peke yangu, Morogoro. Nikichemsha mayai mambo mawili yananisumbua. Ganda linatoka na nyama ya yai, linabaki na mashimo kama barabara yetu. Na kiini kinazungukwa na rangi ya kijani. Je, ni sumu? – Bachela

Si sumu, kula. Huo ukijani ni dalili kwamba umelisahau yai motoni. Likichemka muda mrefu, salfa inayotoka kwenye ute inakutana na madini ya chuma yaliyo kwenye kiini, zinatengeneza pete hiyo. Dakika kumi baada ya kuchemka, maji ya baridi mara moja, hutaiona tena. Najua mnabandika mayai halafu mnashika simu.

La ganda ni hivi: yai jipya sana ndilo gumu kumenya. Ute wake bado umeng'ang'ania ngozi ya ndani. Likikaa siku saba au nane hewa inapenya kwenye vitundu vya ganda, ute unaachia. Kwa hiyo mapya yakaange, yaliyokaa kidogo ndiyo ya kuchemsha. Kulijua, liweke kwenye bakuli la maji. Likilala ubavu ni jipya. Likisimama lina siku zake, chemsha leo. Likielea, mpelekee aliyekuuzia. Wengine mnaweza kulimulika na tochi ya simu kwenye giza: chumba cha hewa upande butu kikiwa kidogo kama shilingi, ni jipya.

Na usiyaoshe mayai ya trei nzima ukayaweka. Ganda lina utando wake wa kulilinda, ukiuosha unafungua mlango. Osha unalotaka kupika, muda huohuo.

Je, ni kweli mayai ya kienyeji yana nguvu zaidi kwa sababu kiini chake ni cha njano iliyoiva? – Mzee wa Tabata

Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku, mzee wangu. Akila majani na mahindi ya njano, kiini kinaiva rangi. Wa kisasa akilishwa hivyohivyo naye atakutolea. Mimi mwenyewe ladha ya kienyeji naipenda, lakini kwenye mchuzi wa nazi mwenye ulimi wa kutofautisha sijamwona bado. Nunua ya bei nafuu, hela iliyobaki iongeze kwenye nazi.

Bibi naomba unifundishe zege. Kila nikigeuza inavunjika, wadogo zangu wananicheka. – Binti wa Mwanza, nimemaliza kidato cha nne

Chipsi zako bado zina mafuta, ndiyo maana mayai hayazishiki. Zichuje vizuri kwanza. Kikaango kiwe cha moto, mafuta yabaki ya kulainisha tu, mengine yamwage kwenye kikombe. Panga chipsi zijae kitako bila kupandana, pasha mpaka uzisikie zinalia. Mayai matatu yaliyopigwa na chumvi yamimine kwa kuzunguka kutoka pembeni kwenda katikati. Kisha tulia, usiguse. Kingo zikikauka, tikisa kikaango: zege lote likiteleza kama kitu kimoja, liko tayari, likigoma, ngoja kidogo.

Na usiligeuze kwa mwiko. Funika kikaango kwa sahani bapa, shika sahani kwa kitambaa, pindua vyote pamoja, halafu telezesha zege lirudi kikaangoni upande mbichi ukiwa chini. Fanyia juu ya sinki mara ya kwanza.