Hiyo linki ya hitima iache kabisa, yakhe

Wewe uliyeuliza kama linki ya Zoom mliyotumia kwenye hitima yaweza kutumika tena kwa kikao cha mahari wiki ijayo: HAIWEZI. Nimelisoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, tumbo likanikata.

2021 tulikaa kikao cha mahari ya mdogo wangu wa kike. Wengine wako Kibokoni hapa, wengine Lamu, ami yuko Muscat, shangazi London. Mimi ndiye "mtaalamu" wa ukoo, maana najua kuwasha laptopu. Nikachukua linki ileile ya hitima ya babu, ambayo miezi mitatu nyuma niliitupa kwenye gurupu la WhatsApp la mtaa lenye watu zaidi ya mia mbili.

Kikaoni akaingia mtu anayeitwa Galaxy A12. Kamera kazima, sauti kazima. Sisi tukadhani ni wa kwao, wao wakadhani ni wa kwetu. Na nani amuulize? Nusu ya wazee walikuwa na majina ya simu, ami mwenyewe aliingia kwa jina la bintiye. Akaunti ya bure hukata kikao cha watu wengi baada ya dakika 40, basi tukakatwa mara mbili. Kila tukirudi, Galaxy naye yumo, tena amemtangulia bwana harusi.

Yaliyosemwa mle! Mahari ngapi, nani ana deni la kiwanja Kisauni, ile posa ya kwanza ilivunjikaje. Asubuhi naenda kununua mahamri, mama muuzaji ananiuliza mbona tumeteremsha bei. Mbaazi sikuzila siku hiyo.

Upande wa pili wakaamini sisi ndio tuliotangaza. Miezi minne hatusemezani, nikaha ikasogezwa mbele, na babangu akaenda na wazee watatu kuomba radhi kwa kosa la kidole changu. Galaxy ni nani, mpaka leo sijui. Mke wangu ana mtu wake anayemshuku, lakini huyo humshuku kwa kila kitu.

Sasa yule kijana wa saiba aliyenifungulia akaunti, Mungu amsamehe, mimi bado. Alichukua shilingi 500 akaniambia, "Mzee, hii linki ni ya maisha, huhangaiki tena." Mzee! Nilikuwa na miaka 34. Na ya maisha kweli: ile ni namba ya kudumu ya akaunti, haibadiliki, aliyewahi kuipata anaweza kuja siku yoyote. Tena akakizima chumba cha kusubiri, pale mgeni anapongoja mpaka mwenye kikao amfungulie, ati wazee watakwama mlangoni. Zoom wenyewe walikiwasha kwa kawaida tangu Aprili 2020, wahuni walipokuwa wakivamia vikao vya watu, yeye akaona ni kero. Namuuliza usalama, ananijibu, "Ina pasiwadi." Pasiwadi imo ndani ya linki! Umefunga mlango, ufunguo umeuacha kwenye kitasa.

KILA KIKAO NA LINKI YAKE. Ratibisha kikao kipya, chagua namba itengenezwe upya, usichague ile ya kudumu. Mtumie kila mtu kwake, si kwenye gurupu. Washa chumba cha kusubiri, na anayebisha kwa jina la simu mpigie kwanza usikie sauti yake. Wakishatimia, funga mlango wa kikao asiingie mwengine. Na kama hamzidi 32, kwa nini Zoom? Piganeni simu ya WhatsApp, hakuna linki ya kuzagaa.

Kuufuta ule ujumbe kwenye gurupu hakutoshi, aliyeinakili keshainakili. KILA KIKAO NA LINKI YAKE, nishasema?

Habari za bando na kurekodi umeuliza pia, nimeona. Tengeneza linki mpya kwanza, ndipo urudi tuzungumze.