Usimwache beki wako aondoke kwa sababu ya nauli ya bodaboda

Mdogo wangu, acha. Kabla hujatuma hiyo nauli ya Nachingwea, acha kwanza unisikilize.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una timu ya mtaa hapo Mtanda, Lindi, umepata laki tatu za kusajili kabla ya mashindano, na unauliza kinacholeta ushindi ni ushambuliaji au ulinzi, mazoezi yawe mara ngapi kwa wiki, na jezi uchukue wapi. Tayari unaelekea kuleta mastraika wawili mamluki kutoka Nachingwea. Waliokujibu hapo juu wamekusifia. Mimi kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia kama kitu kidogo: kwamba beki wako wa kati amenuna anadai nauli, na wewe unaona "atazoea tu". Hatazoea. Haya nayajua kwa hela yangu.

Msimu mmoja korosho zililipa vizuri. Nikatoa laki nne na nusu kwenye malipo ya mnada nikaziingiza kwenye timu yetu hapa Chuno, Mtwara. Zawadi ya bingwa ilikuwa ng'ombe dume. Msimu wa nyuma yake tulifika nusu fainali na vijana wa mtaa watupu, tukacheza mechi tano, tukafunga mabao manne tu. Watu wakatusema kwamba tunachosha macho. Lakini tulifungwa mawili, na tulitolewa kwa penalti. Niliangalia yale manne nikasema tatizo ni mbele. Yale mawili sikuyaangalia kabisa.

Nguzo ya timu ile ilikuwa namba tano, yaani beki wa kati, mvuvi wa Mikindani. Si mrefu, na mbio hana. Ila tangu filimbi ya kwanza hanyamazi. Akipaza "Toka!" mstari mzima unapanda hatua nne na straika wao anabaki ameotea. Mkono wake wa kushoto umenyooshwa muda wote, anamwonyesha namba mbili pa kusimama. Njumu zake alizifunga kwa uzi wa nyavu. Na kuna kitu alikifanya kila mechi ambacho nilikiona nisikielewe: akifika uwanjani anavua viatu, anatembea peku kwenye boksi letu, taratibu, kama mtu aliyedondosha sarafu. Anatafuta mchanga laini. Viwanja vyetu unavijua, kuna mahali mpira ukianguka haudundi, unakufa hapo hapo. Akipapata anawaita mabeki na kipa: "Hapa msisubiri mdundo."

Mtu huyo aliniomba elfu nne kwa mechi. Bodaboda ya kutoka Mikindani na kumrudisha, basi. Mpaka fainali ni mechi sita, elfu ishirini na nne. Nikamwambia nikikupa wewe wote watataka. Hakubishana. Akaondoka, na wiki iliyofuata nikasikia anafanya mazoezi na timu ya kwao.

Sikuhangaika, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwa mtu mwingine. Kulikuwa na jamaa anajiita kocha na mchambuzi, ana cheti, anaongea vizuri kuliko redio. Alikaa barazani kwangu, nikampikia pweza wa nazi, akaniambia mpira wa sasa ni mabao, beki ni mtu yeyote mwenye nguvu, njia bora ya kujilinda ni kushambulia. Na akasema anao mastraika wawili na winga mmoja, niandae hela tu. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwa kila mchezaji aliyemleta alichukua cha juu. Nasema hadi leo nikiwa na hasira: anayekuuzia mastraika hawezi kukwambia unahitaji beki! Angeniambia hivyo angekula nini? Na wewe jiulize, aliyekutajia hao wawili wa Nachingwea anapata nini.

Makundi tulipita kwa kelele. Tukashinda 5-2, tukashinda 4-3, tukatoka sare 3-3. Mabao kumi na mawili kwenye mechi tatu, watoto wanatukimbilia barabarani. Hakuna aliyehesabu kwamba tumefungwa manane.

Robo fainali tukapangwa na Mikindani.

Tulitangulia kwa penalti mapema. Baada ya hapo namba tisa wetu, straika aliyekula hela nyingi kuliko wote, hakugusa mpira wa maana tena. Yule mvuvi alisimama mahali ambapo pasi ingefika kabla haijapigwa, basi. Kipindi cha pili tukapata kona, na mamluki wangu wakawaita mabeki wote wa pembeni wapande, watu wanashangilia. Nyuma nikabaki na kijana mmoja wa miaka kumi na saba. Namba tano wao akautoa kwa kichwa mpaka kwa winga wake, wakaja wawili kwa mmoja. Mastraika wangu wote wawili wamesimama huko mbele mikono kiunoni. Moja moja.

La pili ndilo linalonirudia usiku. Mpira mrefu, wa juu, hauna hatari yoyote, unashuka kwenye boksi letu. Beki wangu mpya, ana kifua kama mlango wa ghala, akarudi hatua mbili kuusubiri udunde aubutue. Haukudunda. Ukazama kwenye mchanga, yeye mguu umeshapanda hewani, kijana wa Mikindani akapita chini yake akausukuma kwa ncha ya kidole cha mguu. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mkorosho nyuma ya goli lile lile, na mpira ulikwenda kusimama miguuni pake.

Baada ya mechi mvuvi alikuja kunipa mkono. Hakunibeza. Alisema, "Kocha, pale haudundi." Jumapili iliyofuata walimchukua ng'ombe.

Sasa utaniambia huo ni mpira wa mchangani. Haya, panda juu. Liverpool msimu wa 2013/14 walifunga mabao 101 kwenye mechi 38 za ligi ya Uingereza. Ubingwa wakaukosa kwa pointi mbili. Manchester City waliochukua walifunga 102, yaani mbele walizidiana bao moja tu. Nyuma je? City walifungwa 37, Liverpool 50. Mwanzoni mwa Mei Liverpool walikuwa kwa Crystal Palace wanaongoza 3-0, wakarudishiwa yote matatu. Straika gani angewaokoa pale?

Ya kwetu inauma zaidi. Taifa Stars pale Cairo mwaka 2019 walitangulia mara mbili dhidi ya Kenya, Msuva akafunga, Samatta akafunga, na bado tukalala 3-2. AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, Msuva anafunga mapema dhidi ya Zambia, Zambia wanabaki kumi kabla ya mapumziko, na dakika ya 88 Daka anasawazisha kwa kichwa kutoka kwenye kona. Mabao tulipata. Kushikilia ndiko kulikotushinda. Na Yanga, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023: walikwenda Algiers wakashinda 1-0 kwa USM Alger, wakarudi bila kombe, kwa sababu nyumbani, kwa Mkapa, waliruhusu mawili. Jumla 2-2, na mabao ya ugenini yakaamua: wao mawili, Yanga moja.

Morocco wao Kombe la Dunia 2022 walifika nusu fainali, Waafrika wa kwanza kufika, wakiwa wamefungwa bao moja tu kwenye mechi tano, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Hispania na Ureno waliishia mikononi mwao.

Mchangiaji wa tatu hapo juu amesema bila kufunga hushindi. Kweli, sibishi. Lakini usipofungwa hupotezi, na mashindano yako ni ya mtoano: 0-0 inakupeleka kwenye penalti, bado uko hai. Yule aliyeleta mfano wa kikapu, kwamba ukifungwa unarudisha tu, amekosea mchezo. Kikapu timu zote zinafunga makumi ya vikapu, ukiteleza kidogo unarudisha dakika hiyo hiyo. Mpira unateleza mara moja unasubiri dakika themanini nafasi ya kurudisha, na huenda isije. Tena kwenye mchanga wetu, ambapo pasi tatu za chini mfululizo ni kazi, mabao mengi hayatengenezwi na mshambuliaji. Yanatokana na beki aliyekosea. Kwa hiyo mwenye mabeki wasiokosea anakuwa na nusu ya mabao yake tayari, anasubiri tu wenzake wakosee.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: hela inaanza nyuma. Anza na kipa. Kisha namba tano na nne, waliozoeana, wanaoongea. Kisha namba sita, kiungo wa kukaba, asiyependa sifa. Kinachobaki ndicho wagawane wa mbele, na mkataba wao uwe huu: mpira ukipotea wanarudi, asiyerudi anatoka hata kama amefunga mawili. Kwenye kona zako wabaki watatu nyuma, hata mashabiki wakitukana. Vijana wako wa mtaa watakufungia bao moja, huwa wanafunga. Laki tatu yako kwa mastraika wawili itakununulia wiki tatu za kushangiliwa.

Huyo beki wako mpigie leo. Usimtumie ujumbe, mpigie, au nenda kwake kabisa jioni, kaa naye, umwambie nauli yake ipo kuanzia mechi ya kwanza mpaka ya mwisho, na umpe ya mechi mbili mkononi. Usingoje Jumamosi, kwa sababu kama anadai nauli kwako, kuna mtu wa timu nyingine hapo Lindi ameshasikia. Ukishaongea naye rudi hapa useme amejibuje.