Stori zilianzia Snapchat

Wapo wanaosema stori, yaani zile picha na video zinazofutika baada ya saa 24, ni ubunifu wa Instagram. Hapana, si wao. Snapchat, programu ya kutumiana picha na video, walizileta Oktoba 2013. Instagram wakazichukua Agosti 2016, hata jina hawakubadilisha. Kevin Systrom, bosi wa Instagram wakati huo, alikiri mwenyewe kwa waandishi wa habari kwamba sifa zote wapewe Snapchat. WhatsApp nao wakaleta status ya picha na video Februari 2017, na wengi wetu tulianza kuzoea mambo haya hapo, ndiyo maana watu wanachanganya. Ila ile status ya zamani ya maneno matupu, kama "Niko kazini", WhatsApp walikuwa nayo tangu 2009, kabla Snapchat haijazaliwa, kwa hiyo msiwasingizie WhatsApp kwamba hiyo nayo waliiga.